Vitabu vya picha vya wanyama na rangi: kipi ununue kwanza, Unguja na Pemba

Kabla hujafungua pochi, fungua kitabu kwenye ukurasa wa paka. Kama paka hayumo, tafuta mbuzi au kuku. Soma yaliyoandikwa chini ya picha. Ukikuta "paka mweusi", endelea kupekua. Ukikuta "paka nyeusi", kirudishe mezani taratibu, mwambie muuzaji asante, uende zako.

Najua nitaambiwa nina makuu. Kitabu chenyewe cha mtoto wa miaka mitatu, kurasa kumi na mbili, maneno hayafiki thelathini, na mimi nimeshikilia silabi moja. Lakini maneno hayo thelathini ndiyo kitabu. Riwaya ikikosea neno moja, yapo mengine maelfu ya kuisitiri. Kitabu cha wanyama na rangi kikishindwa kumtaja paka mweusi, hakina kingine cha kukupa. Na mtoto hakisomi mara moja akakiweka. Atakwambia "tena". Ukimaliza, "tena". Wiki haijaisha, kosa la mtu mwingine unalisoma wewe, kwa sauti yako, mtoto yuko kifuani, na asubuhi analileta skuli kwangu.

Maana mimi nasomesha skuli ya maandalizi hapa mjini Unguja. Kila mwaka nanunua vitabu vya picha kwa michango ya wazazi wa darasa, na vingine kwa fedha zangu kwa ajili ya watoto wa dada yangu walioko Wete. Nimeshanunua vizuri na nimeshanunua ovyo. Mpangilio ulioko hapa chini ni wangu, kuanzia ninachokishika kwanza mpaka ninachokipita bila kugeuka nyuma. Ila kwanza maneno mawili ya jumla, kwa sababu ndiyo yanayoamua kila kitu.

Kamba mwekundu, kamba nyekundu

Katika rangi zetu, tatu tu ndizo zinazobadilika kwa ngeli: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Mbuzi mweupe, kiti cheupe, embe jekundu, miguu myeusi. Zilizobaki karibu zote tumezitoa kwenye vitu. Manjano ni hii hii inayotia rangi urojo, zambarau ni tunda linaloacha ulimi kama umelamba wino, kijivu kimetoka kwenye jivu, kijani kwenye jani, kahawia kwenye kahawa. Hizo hazigeuki, zinaungwa tu: kasa wa kijani, ndege wa manjano, samaki wa buluu. Bibi yangu alikuwa na zake zaidi, kijani akiita chanikiwiti na wekundu ulioiva akiita damu ya mzee. Vitabuni sizikuti. Nazisikia kwa wauza kanga.

Mtoto wetu anajifunza rangi na mnyama kwa pamoja, na ngeli ndiyo gundi. Ibandue gundi uone. Kamba mwekundu huliwa kwa wali, kamba nyekundu hufungiwa mbuzi. Taa mweusi yuko baharini amelala mchangani, taa nyeusi iko mezani na masizi yake. Kaa mwekundu anakwenda upande ufukweni, kaa jekundu linatolewa jikoni kwa koleo. Hata kanga alikuwa ndege kabla hajawa nguo. Sasa mtoto akifundishwa "kamba nyekundu" mbele ya picha ya kamba mwenye masharubu, hajaongezewa neno, amepunguziwa.

Kosa linatoka wapi? Vitabu vingi vya namna hii vimeandikwa kwanza kwa Kiingereza, na huko neno la rangi ni moja tu, halijali linamkalia nani. Mfasiri anafungua kamusi, anakuta "nyeusi", anaibandika kila mahali, kwenye viatu na kwenye paka. Wengine wanaacha hata mpango wa Kiingereza ulivyo, rangi mbele mnyama nyuma. Nimekishika kwa mikono yangu kitabu kilichoandikwa "Manjano Bata". Sisi bata humtaja kwanza, mtoto akishamwona ndiyo tukamwambia yukoje.

Liko jambo moja ambalo silihesabu kosa, lakini ujiandae nalo. Ng'ombe wa kitabuni ataitwa "wa kahawia". Mtoto aliyekulia Konde au Donge anamjua ng'ombe yule yule kwa jina la mwekundu. Nenda mahali wanapouza ng'ombe ukaulizie wa kahawia, watakutazama usoni kwanza. Kwangu darasani nasema yote mawili na maisha yanaendelea. Hali kadhalika "bluu" ya vitabu vya Bara na "buluu" yetu. Chagua moja ya kusemea nyumbani, nyingine mtoto ataijua mwenyewe.

Wanyama wa wapi?

Visiwani hatuna simba, hatuna tembo, hatuna twiga. Vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi vimejaa hao. Simkatai simba, mtoto anamtaka na ana haki ya kumtaka. Ninachokiangalia ni kama ndani ya kitabu wamo angalau watano ambao mtoto anaweza kuwaona kwa macho yake wiki hiyo hiyo: paka, kuku, mbuzi, punda wa gari, kunguru, mjusi wa ukutani. Rangi ya mnyama aliyeonekana haisahauliki.

Na kama mtu angetaka kutunga kitabu kizima cha rangi kwa mnyama mmoja, yuko msituni Jozani, hapa Unguja. Kima punju ana mgongo mwekundu, mabega meusi, uso mweusi, nywele nyeupe zilizosimama kuuzunguka uso, na midomo ya rangi ya waridi. Rangi zetu tatu zenye ngeli zote anazo mwilini mwake, na asili yake ni Unguja peke yake duniani. Bado tunawauzia watoto wetu kitabu chenye pengwini.

Mtego mwingine ni wa majina. Kobe ni wa nchi kavu, kama wale wakubwa wa kisiwa cha Changuu ambao asili yao ni Shelisheli. Wa baharini ni kasa, na yule wa magamba mazuri ni ng'amba. Kitabu kinachomchora kasa anaogelea na kumwita kobe kimeandikwa na mtu asiyekaa pwani. Hilo si dhambi. Chukua kalamu, lifute, andika juu yake.

Kalamu hiyo hiyo ilinisaidia kwenye kamba. Kitabu kimoja tunachokitumia darasani kina kamba mwekundu anaogelea kati ya miani. Mtoto mmoja, mwanamke, miaka minne, alikwenda na bibi yake soko la samaki, akasimama mbele ya beseni, akarudi kesho yake ananiambia, "Mwalimu, kamba wa sokoni wamekosea rangi, wako kijivu." Kamba mbichi kweli ni wa kijivu, mwekundu ni yule aliyekwisha kupikwa. Mchoraji alimchora kutoka kwenye sahani. Tukaandika pembeni: "Kamba huyu ameiva." Mpaka leo watoto wanacheka kila tukifika ukurasa huo, eti ameiva na bado anaogelea.

Haya, mpangilio.

1. Vijitabu vyembamba vya Kiswahili

Hivi ndivyo vya kwanza kwangu, na si kwa uzuri wa sura. Karatasi laini, gamba laini, pini mbili mgongoni. Lakini vimetungwa kwa Kiswahili na watu wanaokiota Kiswahili, kwa hiyo paka wake ni mweusi tangu gamba la kwanza. Tanzania inavyo muda mrefu sasa: Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991, na wachapishaji kama Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wana vya kwao. Vya Kenya pia vinafika. Mara ya mwisho nilitoa shilingi 4,000 kwa kimoja. Kwa bei ya kitabu kigumu kimoja kipya kutoka nje unaondoka na vijitabu kadhaa.

Kingine ninachokipendea ni kwamba wanyama wake hufanya kitu. Jogoo anawika, mbwa anabweka, simba ananguruma, nyuki anavuma. Kitabu kinachoandika tu jina na rangi, "Jogoo. Nyekundu.", kinamalizika kwa dakika moja. Kinachosema jogoo mwekundu amewika juu ya paa kinaanzisha mazungumzo: paa gani, la makuti au la bati, na kwa nini amepanda.

Ubaya wake ni pini. Hewa yetu ya chumvi haizipendi. Masika moja tu, pini zimeota kutu, kutu imepaka karatasi ya katikati, na ukurasa wa kati unang'oka mkononi. Fanya hivi siku ile ile ulipokinunua, kabla mtoto hajakiona. Inua miguu ya pini kwa ncha ya kisu, zitoe. Kwenye matundu yale yale pitisha sindano yenye uzi mnene, ule wa mafundi viatu au wa nailoni, piga mishono mitatu, fundo liwe nje. Kisha kivishe gamba la nailoni kama unavyovisha daftari la skuli. Kazi ya robo saa. Ninavyo vijitabu nilivyovishona namna hiyo, madarasa manne yamepita juu yake.

Usiende kuvitafuta Januari. Skuli zinafunguliwa, maduka ya vitabu na steshenari yamejaa madaftari na vitabu vya kiada, na vya watoto vinasukumwa nyuma ya makabati. Nenda baadaye, muuzaji ana nafasi, mwombe akutolee boksi la chini. Boksi la chini ndilo lenye vitu.

Umri: miaka 3 mpaka 6. Chini ya hapo atakila.

2. Cha kujitengenezea

Kuna njia mbili, na ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko vitu vyote katika orodha hii. Nimeiweka namba mbili kwa kuwa inataka muda, na si kila mzazi anao.

Njia ya kwanza ni kuchapisha hadithi za bure. African Storybook ya Afrika Kusini na StoryWeaver ya Pratham Books ya India zina hadithi za picha kwa lugha nyingi, Kiswahili kimo, na leseni zao zinakuruhusu kuchapisha na hata kubadilisha maneno. Unapakua kwenye simu, unampelekea mtu wa steshenari. Sharti moja: chapisha kwa rangi. Rangi inagharimu, na utashawishika kutoa nyeusi na nyeupe. Utapata kitabu cha wanyama, cha rangi hutakipata. Na kwa kuwa wengi wanaofasiri humo ni watu wa kujitolea, kipimo cha paka mweusi kitumie hapa kuliko popote. Uzuri ni kwamba ukikuta kosa, unalirekebisha kabla ya kuchapisha.

Njia ya pili ni albamu. Nunua ile ndogo ya picha yenye mifuko ya nailoni, inayochukua picha moja kila upande. Chukua simu yako, toka nje. Mpige picha paka wa jirani, punda anayengoja mzigo, kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu juu ya nguzo ya umeme, kuku wa bibi, pono wa kijani na buluu kwenye meza ya muuza samaki kabla hajaparwa. Peleka studio zichapwe. Chini ya kila picha weka kikaratasi chenye maneno matatu au manne, kwa herufi kubwa zilizonyooka: "Paka mweupe amelala." Mfuko wa nailoni unapanguswa kwa kitambaa, uji haupiti, na picha ikichosha unaibadilisha. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaipenda kuliko kitabu chochote cha dukani, kwa sababu paka yule anamjua, jana alimvuta mkia.

Mpige picha mnyama peke yake, karibu, nyuma yake pawe pametulia. Picha ya mbuzi mweupe mbele ya ukuta mweupe haikufundishii kitu. Nimeitolea fedha picha hiyo, nasema ninachokijua.

3. Kitabu kigumu cha mtumba

Namaanisha vile vya karatasi nene kama boksi, kona zimeviringishwa, mtoto anatafuna na kitabu hakijali. Vipya ni ghali na mara nyingi unaagiza. Vya mtumba vinaingia pamoja na vitu vingine vya nyumbani na vitu vya kuchezea. Darajani na Mlandege ukiwa na subira utavikuta vimelala chini ya madubwana ya plastiki. Karibu vyote ni vya Kiingereza, na kimoja kimoja Kijerumani.

Kiingereza kisikutishe. Picha haina lugha. Kata vikaratasi vyeupe, andika Kiswahili, bandika juu ya maneno yao, halafu pitisha selotepu pana juu yake. Kwa mtoto wa miezi 8 mpaka miaka 2 ndicho kitabu bora, kama hutatengeneza albamu.

Angalia haya ukiwa bado umekishika. Kinuse: kikinuka uvundo, kimeshaota kuvu katikati ya tabaka na huwezi kukiponya. Kikunje kidogo mgongo, usikie kama unapasuka. Vile vyenye vidirisha vya kufunua viache, mpaka vifike kwako vidirisha vimeshaliwa na mtoto wa Ulaya. Kitabu kizima kipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kikaushe kivulini. Jua la saa nane linakikunja kama kangaja lililokauka.

Halafu kuna suala la nguruwe. Vitabu vya shamba la Ulaya havimwachi, yuko ukurasa wa tatu, wa rangi ya waridi, anacheka. Jirani yangu alibandika kurasa mbili pamoja kwa gundi ili asionekane. Mwingine ananiuliza kama inafaa. Picha hailiwi, namwambia, na mkulima yeyote wa muhogo anayelala shambani anamjua nguruwe kuliko kitabu kinavyomjua. Lakini kitabu ni chako na nyumba ni yako. Gundi ya jirani, kwa taarifa yako, ilivutia mende, wanaipenda sana.

4. Vitabu vya lugha mbili

Kiswahili na Kiingereza, au Kiarabu kimeongezwa. Wazazi wengi wanavitaka hivi kwanza, mtoto apate vyote kwa pamoja, na chuoni, kwenye Kurani, atakutana na Kiarabu. Mimi nasema sawa, baada ya miaka minne. Kabla ya hapo majina ya rangi yenyewe hayajatulia; watoto wengi wanayachanganya mpaka miaka 3 au 4, na si ujinga wala maradhi. Mtoto anayeita kila kitu "kyekundu" hana haja ya kuongezewa neno la pili la wekundu wiki hiyo.

Ukinunua, tazama Kiswahili kimekaa wapi. Kikiwa kwa herufi ndogo za mlalo chini ya Kiingereza kikubwa, ujue kimefasiriwa dakika ya mwisho, na paka wake nina wasiwasi naye.

5. Chati ya ukutani

Rahisi, kubwa, inaonekana na watoto kumi kwa mara moja. Kwa darasa ni lazima, kwa nyumbani ni pambo. Haishikiki, haifunguki, na baada ya siku tano mtoto haioni tena kama asivyouona ukuta. Wachapaji wake wengi wanajaza wanyama arobaini, kila mmoja kama stempu. Tafuta yenye wanyama kumi na wawili au pungufu. Isivishwe laminesheni ya kung'aa kama dirisha linaikabili, maana kutwa utaona mwanga tu.

6. Vya kitambaa na vya plastiki ya kuogea

Kwa mtoto mchanga. Wiki za mwanzo anaona vizuri zaidi cheusi juu ya cheupe. Rangi anazipambanua vyema akikaribia miezi 5. Kwa hiyo usilipie rangi kumi na mbili kwa mtoto wa siku arobaini. Cha kitambaa kinafuliwa, basi. Cha plastiki kikiwa na tundu la kupigia pii, maji yanaingia, hayatoki, ndani panaota weusi. Kikamue ukitazame kabla ya kukirudisha bafuni. Fundi cherahani wa mtaani akipewa vipande vya kitambaa atakushonea cha kwako jioni moja, na kitakuwa kizuri zaidi.

7. Vitabu vya betri vinavyolia

Mwisho kabisa, na ningeweza nisikitaje. Mwaka juzi nilimnunulia mtoto wa dada yangu kimoja, kwenye duka moja hapa mjini. Kina vifungo kumi, ukibonyeza ng'ombe analia. Muuzaji alinibonyezea ng'ombe. Ningebonyeza vyote mwenyewe ningejua kwamba punda na farasi wana sauti moja, na kwamba jogoo hawiki, anatamka jina lake kwa Kiingereza, sauti ya mwanamke aliyechoka. Kilidumu siku tisa. Siku ya kumi ng'ombe alianza kulia peke yake usiku, dada akakifunga ndani ya kabati, na kutoka ndani ya kabati akaendelea.

Hayo ya kuchekesha. Lisilochekesha ni betri yenyewe. Vingi vinatumia betri za kifungo, zile bapa za duara kama za saa. Kile changu mfuniko wake haukuwa na skrubu, unafunguka kwa ukucha. Betri hiyo mtoto akiimeza na ikakwama kooni inaunguza nyama ya ndani, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Usingoje aitapike wala usimtapishe. Ni hospitali, na haraka. Kama kitabu cha namna hii umeshaletewa zawadi na huwezi kukikataa, hakikisha mfuniko una skrubu na imekazwa. Haina? Toa betri. Kitabu kitabaki na picha zake, na mlio wa ng'ombe unaujua wewe.

Ukiwa na elfu ishirini

Kwa mtoto wa miaka mitatu ningefanya hivi: vijitabu vyembamba viwili, kitabu kigumu kimoja cha mtumba nikibishana bei, na kinachobaki nichapishe picha za albamu, hata nane tu kwa kuanzia. Kabla ya yote ningepita Maktaba Kuu pale Maisara na mtoto mwenyewe, nimwache achague sakafuni, nitazame anaganda kwenye kurasa gani. Wangu mmoja alipuuza wanyama wote wa mwituni akaganda kwa bata. Nikaokoa fedha za simba.

Usinunue vitano kwa siku moja. Kimoja kikishazoeleka mpaka anakigeuza mwenyewe na kukusomea uongo wake, leta kingine. Na kimoja cha kupaka rangi kiwepo nyumbani, cha bei yoyote. Humo mwache ampake punda zambarau akitaka.

Kwa wanaopeleka Pemba

Chake Chake kuna maduka, Wete kidogo, ila uchaguzi ni mwembamba, na wengi wetu tunatuma kutoka mjini kwa boti. Nimeshapeleka vitabu ndani ya bahasha tupu, vikawekwa chini ya ndoo ya mtu, vikafika Mkoani vimeshikana kurasa kama boflo lililoloa. Sasa navifunga kwa nailoni kwanza, napiga selotepu pande zote, halafu ndiyo bahasha, na nampa mtu akae navyo mapajani. Vikifika, vifunguliwe siku ile ile vipate hewa. Kabatini visibanwe, na wakati wa masika kila wiki vitolewe, vitikiswe.

Mzigo wa mwisho niliopeleka Wete ulikuwa albamu, picha kumi na mbili, na kima punju wangu wa Jozani mbele kabisa. Jioni simu ikalia. Mtoto hakunishukuru. Aliniambia kima ni wako wewe, kwetu kuna popo. Nikamwambia mama yake, mfuko wa mwisho nimeuacha mtupu, jazeni. Wakaenda Kidike, wakampiga picha popo ananing'inia mchana, kichwa cha rangi ya chungwa, mabawa meusi amejifunika. Dada akaandika vizuri, "Popo mwenye mabawa meusi amelala." Mtoto akaitoa picha mfukoni, akaigeuza juu chini ili popo asimame, akairudisha. Maneno sasa yanasomeka sawa, na popo wa watu amesimama wima kama askari.